Kadi ya Njano

Jioni 4 kwa wiki nafundisha Kiingereza katika kituo cha masomo hapa Abu Hamour, Doha. Darasa langu lina watoto 8, wote Wakorea, wa miaka 8 hadi 10. Wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa, kama tulivyolelewa sisi. Hawaniiti kwa jina, wananiita "Ticha" tu, kwa sababu kwao pia mwalimu haitwi kwa jina lake. Baba zao wengi ni wahandisi.

Wakorea hawakuanza kuja huku jana. Mwaka 1976 Hyundai ilipata kazi ya kujenga bandari ya Jubail, Saudia, na tangu enzi hizo kampuni zao zimejenga Ghuba nzima. Ile Makumbusho ya Taifa ya Qatar iliyofunguliwa 2019, ile yenye umbo la waridi la jangwani ambayo kila mgeni lazima apige nayo picha, ni kazi ya Hyundai. Baba akiletwa Doha kwa miaka mitatu minne, familia inakuja, na mtoto anajikuta katika shule ya Kiingereza wakati Kiingereza chenyewe hana. Hapo ndipo naingia mimi.

Mimi ni mtoto wa watu wa Mombasa, niliyekulia hapa hapa Doha. Kwa sheria ya kawaida ya Korea, anayetaka viza ya kufundisha lugha, ile inayoitwa E-2, akiwa ni mwalimu wa Kiingereza lazima awe na pasipoti ya moja kati ya nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi au Afrika Kusini. Yangu ni ya Kenya. Yaani watoto hawa hawa, wakiwa kwao Seoul siwezi kuwafundisha, wakiwa Doha naweza. Tucheke tu.

Lakini habari ya leo si pasipoti. Leo nina kosa la kuungama.

Muhula uliopita nilichoka. Nikigeuka ubaoni tu, darasa zima linarudi kwenye Kikorea. Basi nikakata kadi ya njano, nikaweka sheria. Ukisema neno la Kikorea, unapewa kadi. Unakaa nayo mpaka umsikie mwenzako akiteleza, unampa yeye. Atakayebaki nayo saa ya kwenda nyumbani anafuta ubao na kupanga viti.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu, walidhani ni mchezo. Wiki ya pili nikaona kitu sikukipenda. Hawanisikilizi mimi tena, wanasikilizana midomo. Mmoja alimkanyaga rafiki yake kusudi, ili aseme "aigo" apewe kadi. Na msichana mmoja aliyekuwa ametoka Busan mwezi ule ule akaacha kusema kabisa. Kiingereza alikuwa hajakipata, Kikorea kina kadi, basi akanyamaza.

Ijumaa nikampigia mamangu. Yeye na baba walirudi Mombasa baba alipostaafu. Si mnajua mambo ya huku, kazi ikiisha na kibali cha kuishi kinaisha. Nikamhadithia kadi yangu, tena kwa kujisifu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, hiyo si monita?"

Kama wazazi wako walisoma Kenya, waulize kuhusu monita. Wengine waliiita diski. Kwa mamangu, aliyesoma shule ya msingi Mombasa miaka ya 1970, ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, unavishwa shingoni. Ukisema lugha ya nyumbani, unavaa. Ukimsikia mwenzako, unamvisha. Jioni mwalimu anamwita aliyevaa, naye anamtaja aliyemvisha, na huyo anamtaja wa kabla yake, mpaka mstari mzima unasimama kuchapwa. Wengine kwao walisema Kikikuyu, wengine Kijaluo. Kwa mamangu lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Alichapwa kwa kusema Kiswahili, Mombasa!

Ngũgĩ wa Thiong'o ameyaeleza haya katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, shule zilizokuwa zikiendeshwa na Wakikuyu wenyewe zilichukuliwa, na Kiingereza kikapewa enzi. Anaeleza viboko, na vibao vya chuma ambavyo mtoto alivishwa, vimeandikwa maneno ya kumwita mjinga au punda. Anaeleza pia kile kitufe kilichopitishwa toka mkono hadi mkono siku nzima. Niliposoma hapo niliona kadi yangu ya njano, haikupungua kitu ila viboko.

Unaweza kusema huo ni ukoloni, umekwisha. Haukuisha hivyo. Uhuru ulipatikana Desemba 1963, na tume ya elimu iliyoongozwa na Simeon Ominde, iliyoundwa mara baada ya uhuru, ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Sababu zao zilieleweka. Mtihani ni wa Kiingereza, kazi za ofisini ni za Kiingereza, na mzazi yeyote aliona nani anapata kazi. Kiswahili kilisubiri hadi mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ndipo kikawa somo la lazima lenye mtihani, na hadi katiba ya 2010 ndipo kikawa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katikati ya hapo kuna watoto wangapi waliovaa mbao?

Jumatatu nilikwenda darasani bila kadi. Watoto wakauliza iko wapi, nikasema imepotea. Baada ya somo, mama wa yule msichana wa Busan alibaki nyuma. Nilidhani anakuja kulalamika. Alikuja kushukuru, halafu akanieleza kwa nini. Babu yake alisoma shule wakati Korea iko chini ya Japani. Kila mtoto alipewa kadi kadhaa. Akiponyokwa na neno la Kikorea, mwenzake anamnyang'anya kadi moja. Mwisho wa wiki mwalimu anahesabu. Yule mzee aliishi miaka mingi, na mpaka anakufa alikuwa akikumbuka jina la rafiki aliyemnyang'anya kadi nyingi kuliko wote.

Nikarudi nyumbani nikasoma. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945. Mwaka 1938 sheria mpya ya elimu ilikifanya Kikorea kuwa somo la hiari, na muda si mrefu kikaondolewa shuleni kabisa. Mwaka 1940 watu wakaanza kusukumwa wachukue majina ya Kijapani. Oktoba 1942 polisi wakaanza kuwakamata watu wa Chama cha Lugha ya Kikorea. Kosa lao lilikuwa nini? Walikuwa wanaandika kamusi. Wawili kati yao, Yi Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani. Mswada wa kamusi ulichukuliwa kama ushahidi, ukapotea. Septemba 1945, vita vimekwisha, ukapatikana ghalani katika stesheni ya reli ya Seoul. Juzuu ya kwanza ilitoka Oktoba 1947.

Na kumbe kibao hiki kimezunguka dunia. Wales, karne ya 19, watoto walivishwa kipande cha mbao kwa kusema Kiwelshi. Okinawa, Wajapani hao hao waliwavisha watoto kibao kwa kusema lugha ya visiwa vyao. Kila mahali mbinu ni ile ile: anayepitisha kibao si mwalimu, ni mtoto mwenzako. Serikali haiwezi kuweka askari katika kila uwanja wa shule, kwa hiyo inawafanya watoto wenyewe kuwa askari. Na mtoto aliyefundishwa kusikiliza lugha ya mwenzake kama kosa, akiwa mkubwa anaisikia hivyo hivyo mdomoni mwake.

Hapo ndipo nilipoielewa nyumba yetu. Mamangu alipokuja Doha na kutuzaa, alisema nasi Kiingereza. Baba naye hivyo hivyo. Kiswahili kilikuwa cha wao wawili usiku, cha simu za Mombasa, cha harusi na misiba. Nilipokuwa mdogo niliona ni siri yao. Nilipokuwa mkubwa nikakasirika: mbona mlitunyima? Sikuwahi kumuuliza alichokuwa akikiogopa. Ijumaa ile alinijibu bila kuulizwa. "Sikutaka mvae," alisema. Miaka thelathini baadaye, ng'ambo ya bahari, katika nchi isiyojua monita ni nini, bado alikuwa anatukinga na ile mbao.

Hata Qatar imepita njia yake. Mwaka 2004 zilifunguliwa shule za mfumo mpya, hesabu na sayansi zikafundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 2012 serikali ikairudisha lugha ya Kiarabu kwenye masomo hayo, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Qatar kikapewa amri ya kurudisha Kiarabu katika kozi zake nyingi. Mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kukilinda Kiarabu. Nchi yenye gesi yake na serikali yake iliona lugha inaponyoka, ikashtuka. Sisi wenye wazazi wa kupangisha tutashtuka lini?

Sisemi watoto wasijifunze Kiingereza. Ndicho kinachonilipia kodi. Nasema tu kwamba Kiingereza hakihitaji mtoto mwingine anyamaze ndipo kiingie.

Sasa dakika 10 za mwisho za kila somo ni zao. Wanachora kitu, wanakiandika kwa Kiingereza, kisha kwa herufi za Hangul, ambazo mfalme Sejong alizitangaza mwaka 1446 na ambazo Wakorea wanaziadhimisha kila tarehe 9 Oktoba. Siku hiyo yule msichana wa Busan alichora mdudu mwenye mabawa manne. Akaandika Kiingereza chake sawasawa, chini yake akaandika "jamjari" kwa Hangul. Halafu akaniuliza, sentensi nzima, ya kwanza niliyomsikia: Ticha, kwa lugha yako anaitwaje?

Sikujua. Nimeishi miaka thelathini na kitu, na sikujua. Nikamtumia mamangu picha. Sauti yake ikajibu kabla hatujafunga mabegi, nikaiweka kwa spika: "Kereng'ende. Ke-re-ng'e-nde. Tulikuwa tukiwakimbiza mvua ikikatika."

Watoto wakarudia wote. Ile ng' inayowashinda Wazungu haikuwasumbua hata kidogo, kwao ina herufi yake. Msichana akaiandika kwa Hangul chini ya jamjari. Mimi nikainakili chini yake, kwa mwandiko wa mtu anayejifunza.