Swali lisilokuwa na jibu sahihi

Huku kwetu ndoa huhitaji posa, mahari na mashahidi. Lakini anapooana raia wa nchi moja na mtu wa nchi nyingine, mara nyingi huongezeka shahidi ambaye hakualikwa karamuni, naye ni ofisa wa uhamiaji. Juma hili nataka tutazame jinsi ofisa huyo alivyofanya kazi yake Uingereza, nchi ambako ndugu zetu wengi wameoa na kuolewa.

Mwaka 1969 serikali ya nchi hiyo iliondoa haki ya wanaume wa Jumuiya ya Madola kuingia kwa sababu tu wake zao wanaishi huko. Mke kumfuata mume ilikuwa jambo la kawaida, bali mume kumfuata mke lilitazamwa kama njia ya kutafuta ajira. Ruhusa ilirudishwa mwaka 1974, na mwaka 1977 yakaongezwa masharti ya kuzuia ndoa za hila.

Fikra hiyo ya kwamba mume ndiye nyumba, na mke ni mzigo wake, ilifika hata Afrika Mashariki. Sheria ya mwaka 1968, iliyopitishwa bungeni kwa siku chache tu, iliwanyima Waasia wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye pasi za Uingereza haki ya kuingia huko bila kizuizi. Badala yake zikatolewa hati maalumu kwa mafungu, tena kwa mkuu wa kaya. Mwanamke mwenye mume kwa kawaida hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya, hata kama pasi ya Uingereza ilikuwa mkononi mwake na mumewe hana. Mpango huo ulifungwa mwaka 2002.

Wanawake nao hawakupita bila kupekuliwa. Mwaka 1979 gazeti la The Guardian lilifichua kwamba mwanamke kutoka India, aliyefika uwanja wa Heathrow kuolewa, alipimwa mwilini ili kujua kama ni bikira. Sababu ni kwamba mchumba hakuhitaji kibali kabla ya kusafiri, ilhali mke alikihitaji, na ofisa alitaka kujua yupi ni yupi. Kelele zilipigwa na kipimo hicho kikapigwa marufuku. Mwili ulipoachwa, uchunguzi ukahamia moyoni.

Mwaka 1980 ilianza kutumika kanuni ya "lengo kuu". Kanuni hii haikuishia kuuliza kama ndoa ni ya kweli. Iliuliza pia kama lengo kuu la mume katika kuoa lilikuwa ni kupata makazi Uingereza. Tangu mwaka 1983 mzigo wa kuthibitisha uliwekwa wazi mabegani mwa mwombaji: yeye ndiye aliyetakiwa kuonyesha kwamba hakuwa na lengo hilo. Mahakama nazo zilikubali kwamba ndoa inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado mume akakataliwa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mume alipeleka maombi katika ubalozi wa Uingereza nchini kwake. Mke, ambaye ndiye mdhamini, alituma barua pamoja na ushahidi wa kipato na wa nyumba. Ofisa alilisoma jalada, kisha akamwita mume kwa mahojiano, na maswali na majibu yakaandikwa. Akikataliwa, aliweza kukata rufaa, lakini rufaa ilisikilizwa Uingereza. Mke alikwenda kujieleza, na mume akabaki huku nyuma akiwakilishwa na maneno yake kama yalivyoandikwa na yule yule aliyemkatalia.

Mimi kazi yangu ni kuhoji watu, na miaka mingi ya maikrofoni imenifundisha kwamba swali linaweza kutengenezwa hata kila jibu likawa kosa. Tuchukue mfano. Mume anaulizwa, "Mtaishi wapi?" Akisema Uingereza, anaulizwa kwa nini isiwe kwao. Akisema kule kuna kazi, amejifunga mwenyewe. Akisema hajali wataishi wapi, basi mke ahamie kwake, kibali cha nini? Akisema hakulifikiria hilo, huyo ni mwongo, kwani nani asiyefikiria atakapolala na mkewe?

Hata mila iligeuzwa kuwa ushahidi. Maofisa walijua kwamba katika jamii nyingi za India, Pakistan na Bangladesh bibi arusi huhamia kwa mumewe. Mume akiomba kuhamia kwa mke, walisema huyu amekwenda kinyume cha mila yao, bila shaka anafuata Uingereza. Sijui wangesemaje kule Lamu, ambako kwa desturi ya kale binti wa waungwana huandaliwa nyumba na babake, na mume ndiye anayehamia!

Mwaka 1985 wanawake watatu wakazi wa Uingereza walishinda kesi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg. Mmoja wao, Nargis Abdulaziz, alizaliwa Malawi. Wakati huo mwanamume mkazi aliweza kumleta mkewe, lakini mwanamke mkazi hakuweza kumleta mumewe. Mahakama ikasema huo ni ubaguzi wa jinsia.

Sasa sikiliza jinsi serikali ilivyotii. Katika mwaka huo huo kanuni zilibadilishwa, na wanawake wakazi wakapata nafasi ya kuomba waume zao waje. Lakini kipimo cha lengo kuu hakikufutwa. Wake nao wakatiwa ndani yake! Usawa ukapatikana kwa kumtia kitanzini aliyekuwa nje, badala ya kumtoa aliyekuwa ndani.

Mwaka 1992 kanuni ililegezwa kwa waliokwisha kuishi katika ndoa miaka 5 au kupata mtoto mwenye haki ya kuishi Uingereza. Hatimaye serikali ya chama cha Labour iliifuta Juni 1997, mara tu baada ya kuingia madarakani.

Je, ofisa alipumzika? Mwaka 2012 ilikuja kanuni nyingine: mdhamini awe na kipato kisichopungua pauni 18,600 kwa mwaka. Mwaka 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000. Angalau pesa huhesabika, na mtu anajua amepungukiwa kiasi gani. Lakini mpishi au mfagizi wa hospitali hampendi mkewe pungufu ya daktari.

Sisemi kwamba hakuna ndoa za hila. Zipo, na nchi ina haki ya kuzikataa pale ushahidi unapoonekana. Ninachosema ni kwamba sheria ihukumu linaloweza kuthibitishwa. Ikimtaka mtu athibitishe ambalo hakulikusudia moyoni, mkweli na mwongo watatoa jibu lile lile, na huenda mwongo akalitoa vizuri zaidi, kwa kuwa yeye alijiandaa.