Protini ya kukuza mfupa na nanga za kunyoosha meno

KUNYOOSHA meno ni kazi ya kuvutana. Waya unapolirudisha nyuma jino lililochomoza, gego lililofungwa waya huo nalo huvutwa mbele. Nafasi iliyopatikana kwa kung'oa jino jingine huweza kupotea bure.

Ndiposa wataalamu wakatafuta nanga isiyosonga, iliyokitwa mfupani. Mwaka 1945, Gainsforth na Higley wa Marekani walijaribu skrubu katika taya za mbwa, lakini zote zililegea. Mafanikio yalikuja baadaye kwa titani, madini ambayo Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aligundua katika miaka ya 1950 kuwa hushikamana na mfupa. Mwaka 1997, Ryuzo Kanomi wa Japani alieleza matumizi ya skrubu ndogo yenye kipenyo cha milimita 1.2.

Hata hivyo, takriban skrubu 13 kati ya 100 hulegea kabla ya kazi kukamilika. Mgonjwa hulazimika kutiwa nyingine, na matibabu hurefuka.

Hapo ndipo protini ya kukuza mfupa, ijulikanayo kwa kifupi kama BMP, ilipowavutia watafiti. Chanzo chake ni uchunguzi wa daktari Marshall Urist wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1965 kuwa mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa katika msuli wa mnyama, huchochea mfupa mpya kuota. Protini hii huziamuru seli changa zigeuke kuwa seli za kujenga mfupa. Katika majaribio ya wanyama, vipandikizi vya titani vilivyopakwa BMP-2 vilizungukwa na mfupa mpya.

Lakini kipimo ni muhimu. Dozi kubwa mno katika majaribio hayo ilileta uvimbe wa majimaji na mapengo mfupani. Isitoshe, nanga ya meno ni ya muda. Ikishikamana kupita kiasi, huenda ikavunjika inapofunguliwa.

Nchini Marekani, BMP-2 iliidhinishwa mwaka 2002 kwa upasuaji wa uti wa mgongo, na mwaka 2007 kwa kujenga mfupa wa taya. Kushikiza nanga za kunyoosha meno hakumo katika idhini hizo. Mwaka 2008, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya kuwa matumizi yake shingoni yalisababisha uvimbe uliozuia pumzi.

Kizingiti kikubwa zaidi ni umri. BMP-2 hairuhusiwi kwa mtu ambaye mifupa yake ingali inakua, ilhali wengi wanaonyooshwa meno ni vijana wadogo.

Kwa sasa, basi, uimara wa nanga unategemea mambo ya kawaida: daktari kuchagua mahali penye mfupa mnene, skrubu kutoshindiliwa kwa nguvu kupita kiasi, na mgonjwa kuusafisha ufizi unaoizunguka kila siku.