Kaseti, padi na njia ya wapagazi

Testi zangu zimeisha Ijumaa, na leo badala ya kulala nimekaa hapa hosteli kuandika kitu ambacho kimenikaa kichwani wiki tatu sasa.

Chanzo ni mhadhiri wetu wa Historia. Alitupa kazi: chagua kitu kilichokuwepo mtaani kwenu ulipokuwa mdogo na sasa hakipo, uandike historia yake. Wenzangu wakaandika pasi ya mkaa, wengine kinu, mmoja kaandika kibatari. Mimi nikaandika gemu. Darasa zima likacheka. Alama nilipata nzuri tu, asanteni, ila kurasa zilikuwa nne na mambo ni mengi.

Nianze na nyumbani kwetu, Ng'ambo, Tabora mjini. Nikiwa darasa la kwanza au la pili tulikuwa na TV ya chogo, na chini yake mashine ya gemu ya kaseti. Waya wa njano wa picha, mweupe wa sauti, padi mbili na bunduki ya plastiki. Kaseti ilikuwa ya manjano na imeandikwa kwamba ina michezo 9,999,999. Kaka yangu alikaa siku nzima ya Jumapili akishuka na orodha, akagundua michezo ni kama kumi na mbili, inajirudia kwa majina mengine. Vifaru, pikipiki, Mario, Contra, na bata wa kupiga kwa bunduki. Huo ulikuwa utapeli wangu wa kwanza maishani na sikuuchukia hata kidogo.

Kumbe babu wa mashine ile ni Mjapani. Kampuni ya Nintendo iliitoa tarehe 15 Julai 1983, nyeupe na nyekundu, ikaitwa Family Computer. Marekani ilifika 1985 kwa umbo na jina jingine. Zote kwa ujumla ziliuzwa karibu milioni 62, na Nintendo iliacha kuzitengeneza mwaka 2003. Sasa, katika hizo milioni 62, ya kwetu haimo. Ya kwetu ilikuwa kopi. Viwanda vya Taiwan, Hong Kong na China vilianza kuiga mapema, na baadaye mambo yote yakabanwa kwenye chipu moja. Ukifungua unakuta ubao mdogo na tone jeusi limeganda katikati kama lami. Hilo tone ndilo mashine yote. Nililiona siku kaka alipoifungua ili "atengeneze", na haikuwaka tena kwa miezi miwili.

Ile bunduki nayo, wengi tulidhani inatoa mwanga. Haitoi, inapokea. Ukibonyeza, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo mno, halafu pale alipo bata panatokea mraba mweupe. Jicho la bunduki likiuona huo mweupe, umepata. Ndiyo maana tulikuwa tunaweka mdomo wa bunduki kabisa kwenye kioo, hatukosi. Na ndiyo maana leo ukiichomeka kwenye TV bapa haifanyi kazi: picha yake inachelewa kidogo, na bunduki haisubiri.

Swali ambalo mhadhiri aliniuliza ndilo lilinifanya nisome zaidi. Kwa nini kitu cha 1983 kwenu kilikuwa kipya mwaka 2009? Jibu la haraka ni umaskini, na si la uongo, lakini halitoshi. Gemu bila TV ni plastiki tu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, ila huku Bara serikali ya wakati ule haikutaka televisheni, na hata kuingiza seti kulizuiwa. Kituo cha kwanza cha kueleweka kikaja 1994, ITV, na cha taifa, TVT, kikazinduliwa 2000. Kwa hiyo mtoto wa Tabora wa miaka ya themanini asingeweza kuwa na gemu hata kama baba yake angekuwa tajiri wa asali. Sisi hatukuchelewa miaka ishirini na sita. Tulichelewa kama tisa hivi, kuhesabu tangu TV zianze kujaa mitaani.

Halafu kuna njia. Jamani, Tabora ni mji wa njia, hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Burton na Speke walipofika hapa Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 walikuwa wametumia siku 134 kutoka pwani. Kilichopanda ni nguo, shanga na waya wa shaba, kilichoshuka ni pembe za ndovu, na watu pia waliofungwa shingoni. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna watu wakizungumzia misafara wanaona miembe tu na nyimbo.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama kilo thelathini begani. Kwa vijana wengi wa huku kwenda pwani kulikuwa ndiyo kuonekana mwanaume, na ambaye hajaenda alipata shida hata kuposa. Nguo waliyobeba sana iliitwa merikani kwa kuwa ilitoka viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Zanzibar na meli za Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikaharibu biashara hiyo, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Lakini jina? Likabaki merikani. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu maktaba hadi nikatazamwa. Maana sisi mtaani kila gemu la CD tuliliita Plestesheni, liwe la Sony au la kampuni isiyojulikana hata na mama yake.

Shanga nazo zilikuwa na fasheni. Msafara ukifika na rangi isiyopendwa mwaka huo umekula hasara, hakuna anayekuuzia chakula. Anko wangu, mdogo wake mama, yalimkuta hayo hayo. Mwaka 2012 alishuka Dar kununua PlayStation 2 Kariakoo. Akairudisha Tabora kwa treni, imezungushiwa kanga mbili na kuwekwa katikati ya godoro lililokunjwa, kwa woga wa wezi na wa mtikisiko. (Na alisubiri reli ipone kwanza: mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalikuwa yameivunja kati ya Kilosa na Gulwe. Lami yote ya kuja kwetu kupitia Itigi haikuwepo. Kipande cha mwisho, Nyahua hadi Chaya, kimezinduliwa 2022.) Kwenye mzigo alikuwa na CD kumi na tano za mapigano na magari. Vijana wa Ng'ambo wakamwambia: Anko, hapa tunataka mpira. Akakaa wiki tatu bila wateja mpaka CD ya mpira ilipofika, ile ya Konami yenye mtangazaji wa Kijapani. Hakuna aliyeelewa neno, lakini wote tulijua sauti ile ikipanda Adriano yuko karibu kupiga.

Kibanda kikajaa. Shilingi mia mbili mechi, anayefungwa anainuka. Na hapa kumbukumbu zangu zinaacha kuwa tamu.

Nilikuwa nakula hela ya tuisheni. Si mara moja. Mama aligundua, akaja mpaka kibandani, akasimama nyuma yetu kimya na kanga yake, mimi nikiwa naongoza mbili bila. Hakunigusa. Alimwambia mdogo wake, "Kumbe wewe ndiye unayekula tuisheni ya mwanao." Anko hakujibu. Kesho yake akaandika kwa chaki mlangoni: hakuna sare za shule kabla ya saa kumi. Mimi nikakoma, kwa sababu ningepelekwa wapi tena, kibanda chenyewe cha mjomba. Rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja hakukoma. Alikuwa anaweka fulana kwenye begi, anabadilishia chooni. Darasa la saba hakufaulu. Sasa yuko Kahama, machimboni.

Sijui kama ni gemu. Nimejaribu kuandika kwamba ni gemu, nikafuta. Kwao baba alikuwa hayupo na mama alilala njaa ili wao wale, na mle kibandani ndimo mahali pekee alipokuwa anashinda kitu. Lakini pia sitaki kuandika kwamba si gemu, maana nilimwona akiondoka darasani siku nyingi nikanyamaza.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule siitaji. Mwalimu wa zamu akanituma nikawatoe watoto kwenye kibanda cha jirani. Nikafika mlangoni na fimbo ya kuazima. Mbili kwa mbili, dakika ya themanini. Wadau, nilisubiri. Nilisimama pale mpaka mpira ukaisha ndipo nikakohoa. Waligeuka kama wameona chui. Tuliporudi shuleni mmoja akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ile faulo ilikuwa ya kadi, si ndiyo?" Ilikuwa ya kadi.

Anko alifunga kibanda 2017 hivi, simu zilipokuwa rahisi. Sony yenyewe iliacha kutengeneza hiyo PS2 mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 155, kwa hiyo kumbe yeye alinunua ya mwisho mwisho. Nilipomwomba mashine kwa ajili ya ile kazi akasema aliiuza kama spea. Kilichobaki ni memori kadi moja, ile nyeusi ndogo, megabaiti nane, haitoshi hata picha tatu za simu yako. Humo, anasema, kuna ligi za watoto wote wa mtaa, majina yetu yapo, na ya rafiki yangu ndiyo imefika mbali kuliko zote.

Ninayo hapa mezani. Sina pa kuichomeka. Kama kuna mtu hapa kampasi ana PS2 inayowaka, hata kama padi zimekufa, anitafute. Chumba ni kile kile.