Gita ya Mwenda mu masikio ya bazee

Hapa kwetu Lukafu, bazee betu wakisikia gita ya Mwenda Jean Bosco, wananyamaza kwanza. Kisha njo masimulizi yanaanza.

Mwenda alizaliwa Bunkeya, kwa Bayeke, mwaka 1930. Alipiga gita kwa vidole viwili tu, gumba na kile cha shahada, lakini ukisikiliza utazani ni watu wawili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashini ya kukamata sauti, alimukuta Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, na akakamata wimbo «Masanga». Diski zilitengenezwa Afrika ya Kusini, zikafika mpaka Nairobi.

Kwetu diski hizo zina uzito mwingine. Ndani yake tunasikia Kiswahili cha miji ya migodi, kile bazazi betu, waliotoka pande nyingi, walichokutana nacho mu makamalasha ya Union Minière. Shuleni hatukufundishwa kile.

Mwenda alikufa mu aksida ya barabara kule Zambia, mwaka 1990. Kanda za Tracey zinalindwa Afrika ya Kusini, mbali na sisi. Lakini hata kule hawana yote. Wimbo ulikuwa unamuchokoza nani? Watu waliucheza wapi, siku ya yenga, kisha kupokea mushahara? Ile iko paka mu vichwa vya bazee. Mzee akienda, wimbo unabaki, maana yake inaenda naye.

Basi tuwaulize leo, na tuandike.