Bangwe na Kasri: Miji ya Kale ya Visiwa vya Komoro

Katika mlango wa bahari unaoitenganisha Msumbiji na Madagascar, ambayo Waswahili wa kale waliiita Bukini, vimeinuka visiwa vinne vya volkano: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza ndivyo vinavyounda taifa la Komoro, nchi yenye kilomita za mraba 1,861 tu, ambayo katika sensa ya mwaka 2017 ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 758,000. Cha nne kimebaki mikononi mwa Ufaransa, ingawa serikali ya Moroni haijaacha kukidai. Nchi hii haimo katika njia za watalii wengi, na hata wasomaji wa Kiswahili, ambao wazee wao walioana, walisoma na walifanya biashara na Wangazija kwa vizazi, aghalabu wameisikia kuliko walivyoiona. Anayefika kwa mara ya kwanza huelekezwa kwenye kilele cha Karthala, kwenye fukwe za Mitsamiouli na kwa kasa wa Itsamia kisiwani Mwali, na vyote hivyo vinastahili kutazamwa. Lakini utajiri hasa wa visiwa hivi ni miji yake ya mawe, na miji hiyo haisomeki kwa kutazama kuta peke yake. Husomeka kwa kuuliza ni jengo lipi lililosimama, ni lipi lililoanguka, na ni nani aliyekuwa na wajibu wa kulitengeneza.

Njia ya kawaida huanzia uwanja wa ndege wa Hahaya na kufuata pwani ya magharibi ya Ngazija hadi Moroni, ikipita katikati ya mawe meusi ya lava ambayo mahali pengine yamefika hadi baharini. Jina la mji lenyewe lina utata wa kupendeza. Katika Shikomori, yaani lugha ya visiwa hivi iliyo ndugu wa karibu wa Kiswahili, sauti ambayo kwa Mswahili ni "t" mara nyingi hugeuka kuwa "r", hivyo moto huitwa moro na mto huitwa mro. Kwa sababu hiyo wapo wanaolifasiri jina Moroni kuwa "motoni", kwa ajili ya volkano iliyo juu ya mji, na wapo wanaolifasiri kuwa "mtoni". Tafsiri ya pili humshangaza mgeni, kwa kuwa Ngazija haina mto utiririkao mwaka mzima: jiwe lake la volkano lina vinyweleo vingi na hufyonza mvua yote, nyingi kama ilivyo. Ndiyo maana kisima cha kukingia maji ya mvua, kilichojengwa kwa mawe na kusakafiwa kwa chokaa kando ya nyumba au msikiti, kilikuwa katika kisiwa hiki kitu cha lazima kama mlango.

Mji wa kale wa Moroni umeshikamana na bandari ndogo ambamo majahazi yalikuwa yakitia nanga. Mbele yake umesimama msikiti wa zamani wa Ijumaa, wenye safu za matao meupe yanayotazama maji, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1427, ilhali mnara wake uliongezwa karne tano baadaye, mwaka 1921. Nyuma yake vichochoro vya mtaa wa Badjanani vinapanda na kukunja kona, vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo hulazimika kupishana ubavu kwa ubavu. Mtu aliyezoea Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja ataona milango iliyochongwa na mabaraza, na huenda akadhani kwamba hapa hakuna jipya la kujifunza. Jipya lipo mahali vichochoro vinapofunguka ghafla na kutoa uwanja.

Uwanja huo ndio bangwe. Kwa maelezo mafupi, bangwe ni mahali pa hadhara pa mji, penye mabaraza ya mawe ya kukalia, ambapo wanaume hukutana kuzungumza, kucheza bao, kusuluhisha magomvi na kuamua mambo ya mji. Lakini maelezo hayo hayagusi kiini chake, kwa sababu katika bangwe la Ngazija mtu hakai popote apendapo. Mahali pa kukaa hufuata daraja, na daraja hupatikana kwa kutimiza ada, pia anda, yaani mfululizo wa karamu, zawadi na malipo ambao kilele chake ni ile harusi kubwa ya kimila ambayo Mngazija hutarajiwa kuifanya walau mara moja maishani, na ambayo huweza kuja miaka mingi baada ya ndoa yenyewe kufungwa. Aliyeitimiza huingia katika kundi la wandru wadzima, na asiyeitimiza hubaki katika kundi la wanamdji. Mswahili huyaelewa maneno yote mawili bila mkalimani, watu wazima na wana wa mji, na hapo ndipo anapoweza kukosea, kwa sababu huko mvi hazimletei mtu utu uzima: mzee wa miaka sabini ambaye hakutimiza ada ni mwana wa mji bado, na kijana aliyeitimiza humtangulia kusema barazani, hukaa safu ya mbele msikitini na huvaa joho na bushuti siku za sherehe.

Gharama za mila hii ni kubwa mno, na lawama dhidi yake si za jana. Ali Soilih, aliyeitawala nchi hadi alipopinduliwa na kuuawa mwaka 1978, alijaribu kuizima kwa amri, akiiona kuwa kongwa shingoni mwa maskini. Baada yake ilirudi, na leo sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa Wakomoro wanaofanya kazi Ufaransa, hasa Marseille, ambao hurejea kila Agosti kuoa na kuolewa, na ambao watu wa nyumbani huwaita jeviens, neno lililochukuliwa kutoka Kifaransa na kutiwa chumvi ya dhihaka. Mwanahistoria wa miji, hata hivyo, hana budi kuitazama ada kwa jicho jingine. Sehemu ya malipo yake huenda kwa mji wenyewe, na kwa fedha hizo misikiti imejengwa na kupanuliwa, mabangwe yametiwa sakafu, shule na barabara zimetengenezwa. Mila inayolaumiwa kwa ubadhirifu imekuwa pia hazina ya ujenzi katika nchi ambayo hazina yake rasmi haijawahi kujaa.

Nyumba nazo zina mlinzi wake. Katika Ngazija nyumba huwa ya mwanamke: baba na wajomba humjengea binti, na mume ndiye ahamiaye kwake. Mali ya aina hii, nyumba pamoja na mashamba ya ukoo, huitwa manyahuli, nayo hurithiwa kwa upande wa mama, ikiwa sambamba na sheria ya mirathi ya Kiislamu ambayo watu haohao huifuata katika mali nyingine. Wanazuoni wa fikihi wameijadili hali hiyo kwa muda mrefu bila kuiondoa. Matokeo yake yanaonekana katika mji wenyewe, kwa kuwa mtaa wa kale ni mtandao wa nyumba za dada na binamu, ambazo hazigawanywi ovyo wala haziuzwi kwa mtu wa nje kirahisi.

Kwa kulinganisha, kasri halikuwa na mjomba wala binti. Kilomita chache kusini mwa Moroni upo mji wa Iconi, uliokuwa makao ya masultani wa Bambao, na humo yamebaki magofu ya kasri la Kapviridjeo, kuta nene za mawe meusi yaliyoshikwa kwa chokaa ya matumbawe, lililodumu muda ambao nguvu ya wenyewe ilidumu. Ngazija haikuwa dola moja bali visultani kadhaa vilivyopigana mara kwa mara, na aliyekubaliwa kuwa juu ya wenzake aliitwa tibe, cheo cha heshima zaidi kuliko cha amri. Kasri la mtawala wa namna hiyo lilitegemea ushindi wa vita vya mwaka ule.

Iconi hukumbukwa zaidi kwa jabali lililo juu yake. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, makundi ya wavamizi kutoka Madagascar, Wabetsimisaraka na Wasakalava, yalivuka bahari kwa mitumbwi mingi kuja kuteka watu wa kuuza utumwani, na uvamizi huo uliendelea hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Yasimuliwa kwamba mwaka 1805, mji ulipozidiwa, wanawake wa Iconi walijitupa baharini kutoka juu ya jabali hilo kuliko kuchukuliwa mateka. Kuta za miji ya visiwani, kwa mfano boma la Ntsudjini juu ya kilima karibu na Itsandra, ni kumbukumbu ya hofu hiyo, na mgeni anayezipiga picha kwa ajili ya uzuri wake angefanya vyema kujua kwamba hazikujengwa ili zipendeze.

Kisultani chenyewe kilimalizwa kwa kalamu. Mwaka 1885 Said Ali bin Said Omar, sultani wa Bambao, akitafuta msaada dhidi ya washindani wake, alitia saini mkataba na mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Léon Humblot, uliompa mgeni huyo haki juu ya sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa. Mwaka uliofuata Ngazija ikawa chini ya himaya ya Ufaransa, na mwaka 1893 Said Ali mwenyewe akapelekwa uhamishoni. Alifariki Madagascar mwaka 1916.

Heshima ya miji hii haikufuata njia hiyo ya masultani. Itsandra, ambao kwa macho ni mji mdogo wa pwani wenye ufuko mweupe, ndiko alikozaliwa mwaka 1861 Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi na mwanazuoni aliyefariki Zanzibar mwaka 1925 na ambaye wanafunzi wake walienea pwani yote. Na Moroni ndiko lilipo kaburi la Shekhe Muhammad al-Maruf, aliyefariki mwaka 1905, ambaye ndiye aliyeieneza tarika ya Shadhiliya visiwani. Kaburi hilo hutunzwa na kuzuriwa. Kasri la Iconi halijapata watu wa namna hiyo.

Nzwani ni habari nyingine, na sababu yake ni maji. Kisiwa hiki kina milima iliyochongoka na mito, na kwa hiyo kuanzia karne ya 17 merikebu za Waingereza zilizokuwa zikienda India zilikifanya kituo cha maji, ng'ombe na matunda, wakakiita Johanna. Biashara hiyo ndiyo iliyoikuza Mutsamudu, ambayo vichochoro vyake, vingine vikipita chini ya nyumba zilizoungana juu, humpoteza mgeni kabla hajapanda ngazi za kwenda ngomeni, ambako mizinga bado inaitazama bandari. Wakubwa wa Nzwani walizoea wageni wao kiasi cha kujipa majina ya makabaila wa Kiingereza, jambo lililowachekesha mabaharia, ingawa haieleweki kwa hakika ni nani aliyekuwa akimcheka nani, kwa maana bei ya ng'ombe ilipangwa na hao wenye majina. Humo pia limo kasri la Ujumbe, ambalo kwa miaka mingi liliachwa kubomoka mpaka jumuiya za kuhifadhi urithi zilipoanza kulikarabati kwa msaada wa nje. Na katika vichochoro vilevile wanawake hupita wamejitanda shiromani, nguo nyekundu na nyeupe ya kisiwa hicho, wakiwa wamejipaka usoni msindzano, ambao Unguja wangeuita liwa.

Upande wa mashariki wa kisiwa uko Domoni, mji uliotangulia kuwa makao ya utawala. Hadithi ya asili yake inaungana na ya Kilwa: tarikhi ya Kilwa husimulia juu ya merikebu saba zilizotoka Shirazi, na ya saba ndiyo iliyotia nanga Nzwani. Wanaakiolojia huichukulia simulizi hiyo kuwa dai la nasaba zaidi kuliko taarifa ya safari, na udongo umeongeza habari ambayo tarikhi haikuitaja. Uchunguzi wa mabaki ya mimea, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wakati wakulima wa pwani ya Afrika walikuwa wakila hasa mtama na uwele, watu wa Komoro walikuwa tayari wakilima mpunga na choroko, mazao ya Asia, dalili ya mkono wa watu waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Domoni ina sifa nyingine isiyo ya kihistoria kwa maana ya kawaida: mwezi Desemba 1952 mvuvi wa huko alimnasa gombessa, samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wataalamu walishangilia, wavuvi wa Nzwani walikuwa wakimjua, na hawakumthamini, kwa kuwa nyama yake haifai kuliwa. Na mjini Domoni lipo kaburi jeupe lenye minara minne la Ahmed Abdallah, rais wa kwanza, aliyeuawa mwaka 1989, jengo la mtawala ambalo, tofauti na makasri, linang'aa. Lakini Domoni ndiko kwao.

Kutoka Nzwani hadi Maore ni kilomita 70 hivi. Ufaransa ilikichukua kisiwa hicho mwaka 1841, na katika kura ya Desemba 1974 ndicho pekee ambacho wapiga kura wake walio wengi waliukataa uhuru. Kwenye kisiwa hicho ndipo lilipo eneo la Dembeni, mojawapo ya makazi ya kale kabisa ya visiwa hivi yaliyofukuliwa, ambako zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mawe ya bilauri kutoka Madagascar yalipita yakielekea nchi za Kiislamu. Tangu mwaka 1995 Mkomoro hawezi kufika huko bila viza, na wanaovuka usiku kutoka Nzwani kwa mashua ndogo ziitwazo kwassa wamekufa maji kwa maelfu. Mgeni mwenye pasipoti ya Ulaya huruka juu yao kwa ndege.