Ramani iliyoinenepesha Ureno

Mwaka 1934 Wareno walifanya maonyesho ya makoloni mjini Porto. Mkuu wa maonyesho hayo, Kapteni Henrique Galvão, alitoa ramani ambayo mimi kila nikiitazama hucheka kwanza, kisha hasira hunipanda. Alizichukua Angola na Msumbiji, akazibandika juu ya Ulaya kama viraka, akaandika kwamba Ureno si nchi ndogo. Angola peke yake ni zaidi ya mara 13 ya Ureno! Ramani ikatundikwa hata madarasani. Wenye ardhi hiyo hawakuonekana humo. Palikuwa na rangi tu.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1947 Galvão huyo huyo, akiwa mbunge na mkaguzi wa makoloni, alipeleka bungeni ripoti juu ya kazi za shuruti Angola. Alisema hali ilizidi utumwa: aliyenunua mtumwa alimtunza kama ng'ombe wake, lakini aliyekodishiwa mtu na serikali hakujali akifa, maana angeletewa mwingine. Serikali ya Salazar ikaifungia ripoti kabatini. Baadaye Galvão mwenyewe akafungwa.

Ramani yake iliendelea kuning'inia.