Saksafoni ya alto

Saksafoni ya alto ni ala ya muziki ya kupulizwa, mojawapo ya familia ya saksafoni. Kwa ukubwa iko kati ya saksafoni ya soprano na ile ya tenori. Katika lugha ya wapenzi wa muziki wa dansi nchini Tanzania saksafoni huitwa pia "domo la bata". Watu wengi huijumuisha na tarumbeta, lakini ni ala mbili tofauti.

Muundo

Mwili wake ni bomba la shaba nyeupe au ya njano linalopanuka kuanzia shingoni hadi kwenye mdomo mpana unaotazama juu. Ingawa ni ya madini, saksafoni huhesabiwa pamoja na ala za mbao kama klarineti, kwa sababu sauti yake haitokani na midomo ya mpigaji kutetema kama kwenye tarumbeta, bali na ulimi mmoja mwembamba wa mwanzi uliofungwa chini ya kipulizio. Nzumari ya pwani nayo hutumia ulimi, lakini wake ni wa tabaka mbili.

Klarineti kwa kawaida hutengenezwa kwa mpingo, mti unaotoka kwa wingi katika misitu ya Lindi na Mtwara, uleule unaochongwa vinyago na Wamakonde. Saksafoni haina mpingo, hivyo ukanda huo umechangia zaidi klarineti na obua za dunia kuliko saksafoni zake.

Kwenye bomba kuna matundu zaidi ya 20 yanayofunikwa na vifuniko vyenye pedi za ngozi. Mpigaji akibonyeza kitufe cha oktava kwa kidole gumba cha kushoto, noti ileile hupanda oktava moja kamili. Kwenye klarineti hupanda oktava moja na nusu hivi, na ndiyo maana vidole vya saksafoni huonekana rahisi kwa anayeanza.

Sauti na ufunguo wake

Alto hupangwa katika Eb. Maana yake ni kwamba mpigaji akisoma na kupiga C, kinachosikika ni Eb ya chini yake. Sauti zake huanzia takribani Db iliyo chini ya C ya katikati ya piano hadi Ab, oktava mbili na nusu juu yake.

Jambo hili huwasumbua wengi katika bendi za magita. Gita hupendelea funguo za G, D, A na E. Kwa mpiga alto, wimbo wa G hugeuka E yenye shapu 4, wa D hugeuka B yenye shapu 5, na wa A hugeuka F# yenye shapu 6. Wimbo wa Eb, ambao mpiga gita huuona mgumu, kwake ni C isiyo na shapu hata moja. Ndiyo sababu mpiga alto wa bendi ya dansi hulazimika kuwa na vidole vyepesi katika funguo zenye shapu nyingi, na si haki kumlaumu kwa kukosea wimbo aliopewa ghafla.

Kwa waliokulia kwenye kwaya na kuzoea noti za do-re-mi, njia fupi ipo: kiongozi akisema "do ni G", mpiga alto aiweke do yake kwenye E, yaani hatua ya tatu kushuka kutoka G ikihesabiwa pamoja nayo. Akisema "do ni C", aiweke kwenye A.

Historia

Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi aliyezaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, aliyepata hataza yake mjini Paris mwaka 1846. Ilitumiwa kwanza zaidi na bendi za kijeshi za Ufaransa. Katika karne ya 20 jazi ya Marekani iliifanya alto kuwa maarufu kupitia Johnny Hodges na Charlie Parker (1920–1955), na Afrika Kusini ilimtoa Kippie Moeketsi (1925–1983).

Afrika Mashariki na Kati

Njia ya ala za kupulizwa pwani ilitengenezwa na bendi za jeshi na polisi za kikoloni na ngoma ya beni iliyoziiga. Kutoka Kongo, mpiga saksafoni Verckys Kiamuangana alipigia OK Jazz kabla ya kuunda kundi lake la Orchestre Vévé mwaka 1969.

Nchini Tanzania safu ya saksafoni na tarumbeta ilisikika katika NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 na inayojulikana baadaye kama Msondo Ngoma, na katika Mlimani Park (Sikinde), iliyoundwa mwaka 1978. Michael Enoch, aliyekuwa mpiga gita wa Dar es Salaam Jazz, alipiga pia saksafoni. Baadaye bendi nyingi zilibadili safu hiyo kwa kinanda cha umeme, ambacho ni nafuu na huhitaji mtu mmoja tu.

Utunzaji

Hewa ya chumvi ya pwani, kama ilivyo Mtwara na mwalo wa Ruvuma, huifubaza shaba na kutia kutu springi ndogo za chuma zinazorudisha vitufe. Pedi zikilowa mate bila kukaushwa hukakamaa na kuvujisha hewa, na noti za chini ndizo hufa kwanza. Baada ya kupiga, bomba hupitishwa kitambaa kikavu, ulimi huvuliwa kwenye kipulizio na kufutwa, kisha ala hurudishwa kwenye sanduku lake badala ya kuachwa wazi usiku.